Kabureta chafu hula faida ya mkulima

MASIKA yanapokwisha na mabonde ya Pemba kuanza kukauka, kuna sauti moja inayojirudia kutoka Micheweni mpaka Mkoani. Ni sauti ya mtu anayevuta kamba ya mashine ya maji. Anavuta mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Mashine inakohoa, inatoa moshi kidogo, kisha inanyamaza.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukitembelea kikundi cha kina mama wanaolima tungule na bilingani katika bonde moja la Wilaya ya Wete. Nilichukua daftari langu, kwani shabaha yangu ilikuwa kuhesabu gharama na mapato ya kilimo cha umwagiliaji. Nilikuta tungule zimo katika maua na ardhi imeanza kupasuka. Mashine yao ya petroli ilikuwa haijawaka kwa siku tano, na kina mama walikuwa wakichota maji kisimani kwa ndoo, tuta moja baada ya jingine.

"Mwanangu, tumeambiwa injini imekufa. Tunachanga tununue nyingine," aliniambia mwenyekiti wao.

Kwa bahati alipita kijana anayetengeneza pikipiki za bodaboda. Aliichungulia mashine, akafungua kabureta na kuimwaga juu ya kitambaa. Kilichotoka ni maji machafu yenye rangi ya chai, vumbi la kutu, na utando wa njano uliogandia chini ya bakuli kama asali ya zamani. Kazi ya kusafisha haikuzidi saa moja. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili.

Nilidhani watashangilia. Mwenyekiti aliyatazama maua yaliyokwisha kuanguka chini, akauliza: "Na hizi siku tano, nani atatulipa?"

Sikuwa na jibu. Katika daftari langu mlikuwa na mstari wa mbegu, wa mbolea, wa dawa, wa petroli na wa vibarua, lakini hamkuwa na mstari wa siku tano za mashine kulala. Tangu siku ile nimeamini kwamba wakulima wetu wengi hawashindwi kwa kukosa mashine. Wanashindwa kwa sababu mashine waliyonayo haiwaki siku inayohitajika, na mara nyingi chanzo ni uchafu ambao ungeondolewa kwa kazi ya nusu siku.

Kabureta ni nini hasa?

Kabureta ni jiko la kuchanganyia hewa na petroli kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika injini. Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Petroli ikizidi sana, injini hutoa moshi mweusi na kulowesha plagi. Ikipungua sana, injini hukohoa, hupata moto kupita kiasi au hukataa kabisa kuwaka.

Petroli hutoka katika tangi na kuingia katika bakuli dogo lililo chini ya kabureta. Ndani ya bakuli mna boya. Bakuli likijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano inayoziba njia, kama lile boya la tangi la maji la chooni. Kutoka katika bakuli petroli hunyonywa kupitia jeti, yaani kijipande cha shaba chenye tundu ambalo katika mashine hizi ndogo kwa kawaida halifiki hata milimita moja. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi, bonde zima na msimu mzima, vyote vinategemea tundu unaloweza kuliziba kwa chembe moja ya mchanga.

Tundu hilo huzibwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni petroli yenyewe. Petroli ikikaa, ile sehemu yake nyepesi huruka na inayobaki huungana na hewa na kugeuka gundi. Mashine iliyotumika mwezi wa pili, ikafungiwa stoo mvua za masika zilipoanza mwezi wa tatu, na kutolewa tena mwezi wa sita au wa saba, imelala na petroli ileile kwa miezi mitatu au minne. Muda huo unatosha kabisa kutengeneza gundi.

Cha pili ni maji. Sisi tunaishi kisiwani na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Tangi lililo nusu tupu huingiza hewa hiyo, usiku ukipoa mvuke hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, huzama mpaka chini ya bakuli la kabureta. Tukiongeza tabia ya kununua petroli iliyojazwa katika chupa za maji ya kunywa ambazo hazikukaushwa vyema, tunajitilia maji kwa mikono yetu wenyewe.

Cha tatu ni kutu. Tangi la chuma likiota kutu kwa ndani, vumbi lake hushuka pamoja na petroli. Bakuli la kabureta nalo mara nyingi ni la chuma, na chumvi ya hewa ya bahari hulila. Mwili wa kabureta, ambao ni wa aluminiamu au madini yanayofanana nayo, hauoti kutu nyekundu bali hutoa unga mweupe. Unga huo nao huziba.

Namna ya kusafisha

Kabla hujaifungua kabureta, hakikisha ndiyo yenye kosa. Tazama kama tangi lina petroli safi na koki imefunguliwa. Tazama plagi, chujio la hewa na oili, kwa sababu baadhi ya mashine hujizima zenyewe oili ikipungua. Ukitoa plagi baada ya kuvuta kamba mara nyingi na ukaikuta kavu kabisa, hiyo ni dalili kubwa kwamba petroli haifiki.

Fanya kazi nje, penye hewa, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Injini iwe imepoa. Funga koki, weka chombo chini, kisha fungua skrubu ya bakuli na umwage yaliyomo. Usiyamwage bondeni wala karibu na kisima. Kila unachokitoa kipange juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano wake, na kama una simu ya kamera, piga picha kila hatua. Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu huku ukihesabu imezunguka mara ngapi mpaka imefika mwisho, kisha andika idadi hiyo. Ukishindwa kuirudisha pale ilipokuwa, utaisafisha kabureta vizuri na bado mashine itakusumbua.

Vipande vya mpira na plastiki viweke kando, kwani dawa kali za kusafishia huviharibu. Vipande vya chuma na shaba viloweke katika petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha visugue kwa mswaki wa zamani. Tundu la jeti usilichokoe kwa waya wa chuma wala sindano. Shaba ni laini, waya utalipanua tundu, na kuanzia siku hiyo mashine itakunywa petroli kuliko inavyostahili. Tumia kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba. Pemba haukosekani. Ukimaliza, kipeleke kipande hicho kwa fundi wa matairi akipulizie upepo. Kiinue juu uelekee mwanga: kama huuoni mwanga upande wa pili, hujamaliza.

Bakuli la chuma lenye kutu liloweke katika siki au maji ya ndimu kwa saa chache, lisugue, lisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa ndimu, likaushe papo hapo na ulipake oili. Lakini usiulaze mwili wa aluminiamu katika siki au ndimu, kwa kuwa asidi hiyo huula. Tangi lenye kutu litoe, tia mafuta ya taa kidogo pamoja na kokoto safi au kipande cha mnyororo, litikise mpaka kutu ing'oke, kisha lisuuze mara kadhaa. Mwisho weka chujio jipya la petroli. Anayesafisha kabureta na kuliacha tangi na kutu yake, atairudia kazi hiyo baada ya wiki mbili.

Na trekta je?

Wapo wasomaji watakaouliza kuhusu matrekta, kwa sababu huzisikia habari za kabureta za matrekta ya zamani. Ni kweli matrekta ya kale ya petroli yalikuwa nazo. Ferguson TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, ni mfano mmoja, na kulikuwa na aina yake iliyotumia mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa. Mwenye trekta la namna hiyo atalisafisha kwa utaratibu huuhuu.

Lakini matrekta yanayolima mabonde yetu ya mpunga leo ni ya dizeli, na trekta la dizeli halina kabureta. Lina pampu ya kusukuma dizeli kwa nguvu na nozeli za kuipulizia ndani ya injini. Adui zake ni walewale, maji na uchafu, ila dawa yake ni kumwaga maji katika chujio na kubadilisha chujio kwa wakati. Pampu na nozeli mwachie fundi mwenye vifaa. Hali ni hiyohiyo kwa matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono, ambayo mengi ni ya dizeli. Kabureta utaikuta katika mashine za maji za petroli, jenereta ndogo, misumeno ya mbao, pikipiki na mashine nyingi za boti za wavuvi wetu.

Hesabu yake

Sasa niiguse hesabu, ambayo ndiyo kazi yangu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake.

Tuseme umenunua mashine ya maji kwa shilingi 400,000. Ukiitunza itakutumikia miaka sita, ukiiacha bila matunzo utaitupa baada ya miaka miwili. Kwa mwenye kutunza, mashine inamgharimu kiasi cha shilingi 67,000 kwa mwaka. Kwa asiyetunza ni shilingi 200,000. Tofauti ni shilingi 133,000. Tuseme matunzo mara mbili kwa mwaka, pamoja na gasketi, chujio na chochote cha fundi, yanachukua shilingi 30,000. Bado zimebaki shilingi 103,000 mfukoni mwa aliyetunza, kila mwaka.

Tuje kwenye petroli. Mashine iliyokuwa ikitumia lita moja kwa saa, jeti yake ikapanuliwa kwa waya, tuseme sasa inatumia lita moja na robo. Kwa saa tatu kwa siku na siku 60 za kumwagilia, hizo ni saa 180, na ziada ni lita 45. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, umechoma shilingi 135,000 kwa ajili ya kipande cha waya.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ni ile ya mwenyekiti wa Wete. Tungule ikikosa maji wakati wa maua, hudondosha maua. Ikipata maji leo na kukosa wiki nzima, matunda yatakayofuata huoza kitako, kwa sababu mmea haupandishi madini ya kalsiamu bila maji. Tuseme robo eka ingetoa matenga 60 na siku tano za ukame zikaondoa robo yake. Hayo ni matenga 15. Kwa shilingi 20,000 kwa tenga, zimekwenda shilingi 300,000, mara kumi ya gharama ya matunzo ya mwaka mzima. Na kwa mfanyabiashara wa sokoni Chake Chake aliyeahidiwa mzigo huo, hasara hiyohiyo inamfuata hadi kwenye meza yake.

Hoja za wanaopinga

Nimewasikia wanaosema kwamba siku hizi mashine ni rahisi, ikiharibika nunua nyingine. Hoja hii ina nguvu mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu, pale fedha inapozunguka. Lakini sote tunajua kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa mzao mdogo ndio ambao familia huutegemea zaidi mboga, na ndio mwaka ambao haina fedha ya kununua mashine mpya.

Wengine husema badilisha kabureta nzima, kwani mpya si ghali. Kwa kabureta iliyoliwa na chumvi, wana haki. Lakini kabureta mpya iliyofungwa chini ya tangi lenye kutu ni kama nguo safi kwa mtu asiyeoga.

Wapo pia wanaosema tuachane na petroli twende kwenye umeme na jua. Nakubaliana nao panapowezekana. Pampu ya umeme haina kabureta, na Pemba imeunganishwa na umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Hata hivyo waya wa umeme haupiti katika kila bonde, na pampu ya jua inahitaji mtaji ambao vikundi vingi havinao kwa mkupuo mmoja. Mpaka siku hiyo ifike, bonde litamwagiliwa kwa mashine iliyopo.

Nini kifanyike

Nchi yetu imewahi kulipa gharama kubwa kwa kuthamini mashine kuliko matunzo. Mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, na kabla ya mwaka kwisha mengi yalikuwa hayafanyi kazi. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Yalikuwapo makosa mengine mengi, ya mvua na ya udongo, lakini la mashine bila karakana ya kutosha lilikuwa mojawapo. Sisi tunalirudia kosa hilo kwa udogo, kila kikundi na mashine yake.

Kwa maoni yangu, mambo manne yanawezekana bila kusubiri bajeti ya mtu.

Kwanza, mkulima mwenyewe. Siku ya mwisho ya kumwagilia, funga koki na uiache mashine iwake mpaka ijizime yenyewe. Kisha mwaga petroli iliyobaki katika tangi uitumie kwingine, fungua skrubu ya bakuli lidondoke mpaka tone la mwisho, na uihifadhi mashine juu ya ubao, pakavu, siyo juu ya sakafu yenye unyevu. Kazi hii haigharimu hata senti, na ingeyaokoa maua ya kina mama wale.

Pili, vikundi. Kila tenga linalouzwa, shilingi 500 ziingie katika fungu la matengenezo lisiloguswa kwa arusi wala msiba. Kwa matenga 60 ni shilingi 30,000, yaani zilezile nilizozihesabu hapo juu. Na kikundi kimchague mtu mmoja awe mwangalizi wa mashine, mwenye daftari lake.

Tatu, wauzaji wa mashine. Anayeuza mashine bila gasketi, jeti na chujio anauza nusu ya bidhaa. Vipuri hivyo ni vidogo, havichukui nafasi dukani, na mteja atakayevifuata atanunua na jembe. Hali kadhalika wafadhili wanaogawa mashine: kisanduku cha vipuri na siku moja ya mafunzo viandikwe katika mradi tangu mwanzo.

Nne, mafunzo. Tunacho Kituo cha Mafunzo ya Amali pale Vitongoji, na tunao vijana wa bodaboda katika kila shehia ambao hufungua kabureta karibu kila siku. Kozi fupi ya siku mbili kabla ya kiangazi, masheha wakishirikiana na mabwana shamba na mabibi shamba kuteua mtu mmoja kwa kila bonde, ingetosha kwa kuanzia. Ujuzi upo. Haujavuka barabara tu kutoka kijiwe cha pikipiki kwenda bondeni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wetu, tusipozibua tundu la jeti tutanunua mashine nzima. Mimi daftari langu sasa lina mstari mpya, unaosomeka "siku ambazo mashine haikuwaka". Namshauri kila mkulima auchore katika daftari lake na aujaze kwa ukweli. Mwisho wa msimu ataujua mwenyewe mdaiwa wa zile siku tano ni nani, na huenda akakuta ni yeye.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayefanya kazi kisiwani Pemba.